Betri Hazifi kwa Uzee

Katika Unguja na Pemba, na katika visiwa vidogo vinavyovizunguka, hakuna chombo cha umeme kilichoenea kimyakimya kama betri ya kuchaji. Imo katika simu ya mkulima wa karafuu, imo katika taa ya sola inayoning'inia barazani, imo chini ya kiti cha pikipiki, na usiku wa giza imo ndani ya mashua ya mvuvi wa dagaa ikiwasha taa zilizochukua nafasi ya karabai. Pamoja na kuenea huko kote, kazi ya kuichaji imeachwa iwe ya kubahatisha. Kila mtu huichaji kama alivyomwona jirani yake akifanya, na jirani naye aliona kwa mwingine. Matokeo yake ni kwamba betri ambayo ingeweza kutumika miaka mitatu au minne hutupwa kabla ya mwaka kutimia, na lawama zote humwangukia muuza duka.

Muuza duka si malaika, na bidhaa hafifu zipo. Walakini ukweli unaopasa kusemwa ni kwamba betri nyingi hazifi kwa uzee wala kwa ubovu wa kuzaliwa nao. Huuawa wakati wa kuchajiwa, au huuawa kwa kutochajiwa pale zilipostahiki. Sababu zenyewe ni chache, tena zaelezeka kwa lugha ya kawaida, na kwa kuwa kuchaji betri sasa ni huduma ya umma kama ilivyo huduma ya maji, wenye mamlaka nao wana sehemu yao ya kujibu.

Wapo watakaosema kwamba maadam umeme wa gridi umefika, habari ya betri ni ya kupita. Historia yetu haikubaliani nao. Unguja imeunganishwa na Bara kwa kebo ya chini ya bahari tokea mwaka 1980, lakini mwezi Mei 2008 umeme ulikatika kwa muda wa mwezi mmoja hivi, na Desemba 2009 ukakatika tena hadi Machi 2010, takriban miezi mitatu mizima. Pemba ilipata kebo yake kutoka Tanga mwaka 2010, na Unguja ikaongezewa ya pili, yenye uwezo wa megawati 100, mwaka 2013. Hayo ni maendeleo makubwa, lakini waya wa ardhini haumfuati mvuvi baharini, na mwenye nyumba aliyepitia miezi ile mitatu hahitaji kuelezwa kwa nini anataka akiba ya umeme ndani. Betri itaendelea kuwa nasi.

Tuanze na ile nzito ya volti 12, inayotumika katika magari, katika sola za nyumbani na katika mashua nyingi. Umbo lake halijabadilika sana tangu Mfaransa Gaston Planté alipoitengeneza ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1859. Ndani yake mna seli sita, na katika kila seli mna sahani za risasi, yaani ile madini nzito wanayofungia wavuvi katika nyavu, zilizozama katika asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Betri inapotumika, salfa iliyomo katika asidi huhamia katika sahani na kuzivika utando laini; inapochajiwa, utando huo huyeyuka na salfa hurudi katika maji yake. Kazi yote ya kuchaji ni hiyo: kuirudisha salfa ilikotoka, yote, na kwa wakati.

Neno wakati ndilo linalotushinda. Utando ule ukiwa mpya ni laini, na umeme kidogo huuondoa. Ukiachwa siku kadhaa hugeuka chembechembe ngumu zisizosikia chaja yoyote, na sehemu ya sahani iliyofunikwa nazo imekwisha kufa. Sasa mtazame mvuvi wa dagaa. Huvua kwa taa katika siku za giza, na mbalamwezi inapotanda hupumzika, kwa sababu dagaa hawakusanyiki chini ya taa wakati bahari nzima inang'aa. Usiku wa mwisho wa msimu wake hurejea alfajiri na betri iliyokauka umeme kabisa, akaiweka pembeni mwa nyumba pamoja na nyavu. Anasema ataichaji siku ya kutoka tena. Kwa wiki moja, pengine mbili, betri ile imekaa tupu ikigeuka jiwe ndani kwa ndani. Siku ya kuchajiwa hujaa kwa saa mbili tu, naye hufurahi kwamba imejaa haraka, ilhali kujaa haraka huko ndiyo dalili ya ugonjwa: chombo kimekuwa kidogo. Baharini taa zinafifia kabla ya usiku wa manane. Kwa hiyo siku za mapumziko ndizo zinazoua betri kuliko siku za kazi, na dawa yake haigharimu zaidi ya bei ya kuchaji mara moja: betri ichajiwe siku ile ile iliyorudi kutoka baharini, hata kama haitatumika mpaka mwezi ufe.

Kuna kosa la pili linalofungamana na hilo. Betri ya gari imeundwa kwa ajili ya kuwasha injini, kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache na kurudishiwa papo hapo. Sahani zake ni nyembamba. Ukiitumia kuwashia taa usiku kucha mpaka ikauke, itastahimili makumi machache tu ya safari hizo. Iko aina nyingine yenye sahani nene, inayouzwa kwa ajili ya sola, ambayo hustahimili mamia. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini atakayegawa bei hiyo kwa idadi ya usiku atakazovulia atakuta ndiyo rahisi. Na hata hiyo, isitumiwe kupita nusu ya uwezo wake. Kipimo hakina uganga wowote: kipima volti kidogo cha bei nafuu, kikiwekwa juu ya vichwa vya betri iliyopumzika saa kadhaa baada ya kuchajiwa au kutumika, husoma takriban 12.7 ikiwa imejaa, 12.2 ikiwa nusu, na chini ya 12 ikiwa imekwisha. Kifaa hicho kingefaa kiwemo katika kila mashua inayobeba taa, kama ilivyo lazima kuwemo na kata ya kukumbia maji.

Ama juu ya kuchaji kwenyewe, kanuni ya mafundi ni kwamba nguvu ya chaja iwe sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa betri. Betri iliyoandikwa ampea-saa 70 ipewe ampea 7, na ikiwa ilikuwa tupu itahitaji saa kumi na zaidi. Anayeahidi kuijaza kwa saa mbili kwa chaja kubwa anauza joto, hauzi umeme. Sahani hupata moto, hupinda, na unga wake hudondoka chini mpaka sahani mbili zikagusana. Vibanda vingi vya kuchaji, kwa kutaka kupokea wateja wengi, hufunga betri tano au sita katika mstari mmoja, kubwa na ndogo, mpya na kuukuu, na kuzipa mkondo mmoja. Ndogo hujaa mapema na kuendelea kuunguzwa mpaka kubwa zijae. Mwenye betri ndogo mpya huilipia mwenyewe karamu inayomuua mnyama wake.

Joto letu nalo lina hesabu yake, na hapa tunaomba maofisa wanaonunua vifaa kwa fedha za umma wasome kwa makini. Maelekezo yanayobandikwa juu ya betri hutolewa kwa joto la nyuzi 25. Katika kibanda cha mabati chenye upepo haba, mchana wa kaskazi, 35 si ajabu. Betri inayofanya kazi katika joto lililozidi nyuzi kumi juu ya kipimo chake hupoteza takriban nusu ya umri wake, na volti ya kuichaji yapaswa kushushwa: mahali ambapo kitabu kinasema 14.4, kwetu 14.1 au 14.2 inatosha. Chaja nzuri, na kontrola nzuri ya sola, yaani kile kisanduku kinachokaa kati ya paneli na betri, vina kihisi cha joto kinachofanya marekebisho hayo vyenyewe. Tofauti ya bei ni ndogo. Mkataba wa kununua sola za shule au za kituo cha afya usiotaja kihisi hicho umekwisha kupanga tarehe ya mazishi ya betri zake.

Imani iliyoenea sana ni kwamba betri haijajaa mpaka ichemke. Ule si mchemko wa kujaa. Salfa ikishamaliza kurudi, umeme unaozidi hauna kazi nyingine ila kuyapasua maji na kuyageuza hewa mbili, haidrojeni na oksijeni, na mapovu tunayoyaona ni maji yanayopotea. Mapovu machache mwishoni ni ya kawaida katika betri zenye vifuniko vya kufunguka, na hata yana faida ya kuchanganya asidi iliyotulia chini. Mapovu ya saa nzima ni hasara tupu. Na betri iliyozibwa, isiyo na mahali pa kuongezea maji, haina namna ya kurudishiwa kilichopotea; kuichemsha mara kadhaa ni kuiua.

Kwa zile zinazofunguka, maji yaongezwe, na yawe yale yaliyotoneshwa yanayouzwa kwa kazi hiyo, si asidi. Asidi haipotei katika mapovu, na kuiongeza ni kuikoleza mpaka ile sahani. Maji yaongezwe baada ya kuchaji, si kabla, kwa sababu hujivuna wakati wa kuchaji na yakizidi humwagika. Ila sahani zikionekana zimekauka juu, zifunikwe kidogo kwanza. Maji ya kisima katika ardhi yetu ya mawe ya matumbawe yana chokaa na chumvi, hayafai. Maji ya bahari ndiyo kabisa. Chumvi ikiingia katika betri inayochajiwa hutoa hewa ya klorini, sumu inayounguza mapafu. Mabaharia wa nyambizi za vita kuu zote mbili, ambazo zilikwenda kwa betri za namna hii zikiwa chini ya maji, waliiogopa hewa hiyo kuliko walivyoogopa giza. Basi mvuvi ambaye betri yake imeingiwa na wimbi asiiunge na chaja. Aipeleke kwa fundi akaikague kwanza.

Tumeitaja haidrojeni kwa kupita, nayo haistahili kupitwa. Ni hewa isiyo na rangi wala harufu, nyepesi kuliko zote, nayo hupanda juu na kujikusanya chini ya dari. Ikifika sehemu 4 kwa 100 ya hewa ya chumbani, cheche moja huilipua. Cheche hiyo aghalabu hutoka katika vibanio vya chaja yenyewe, pale vinapong'olewa huku umeme ukipita. Utaratibu wa kuzuia hilo ni wa kukariri: vibanio vifungwe kwanza, kisha chaja iwashwe, chaja izimwe kwanza, kisha vibanio vifunguliwe. Mahali pa kuchajia pawe na upenyo wa hewa juu, si dirisha la chini peke yake. Pasiwe jikoni penye makaa, pasiwe penye kibatari, pasiwe chini ya kitanda cha mtoto. Mwenye kuchaji asivute sigara hapo, wala asiwashe kiberiti kuchungulia kama maji yamo, jambo ambalo ni kioja kulisikia na bado hutendeka. Asidi ikimrukia mtu machoni, ni maji safi mengi kwa dakika 15 au zaidi, mfululizo, na kisha hospitali. Magadi ni ya kumwagia sakafuni, si ya machoni mwa binadamu.

Betri ndogo za tochi na redio zinazochajika, zile zilizoandikwa Ni-MH, hazina mengi. Zichajiwe kwa chaja yake, zisichanganywe mpya na kuukuu, na betri ya kawaida isiyoandikwa kwamba yachajika isitiwe katika chaja hata kwa majaribio.

Za lithiamu ni habari nyingine. Ziliingia sokoni mwaka 1991, na wanasayansi watatu waliozifikisha hapo, Goodenough, Whittingham na Yoshino, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Ni nyepesi na zina nguvu nyingi, na sasa zimo katika simu, katika taa mpya za wavuvi, na katika baiskeli na pikipiki za umeme. Hazina asidi ya kumwagika wala hazidai maji. Lakini hazisamehe volti. Seli ya aina ya kawaida ina kikomo cha takriban volti 4.2, na ikivukishwa kikomo chake hujengeka ndani yake hali ya moto unaojilisha wenyewe, usiohitaji hewa ya nje. Aina ya fosfeti ya chuma, inayopendwa kwa sola, ni tulivu zaidi, nayo kikomo chake ni 3.65 kwa seli. Ndani ya betri nzuri mna bamba dogo la kulinda vipimo hivyo. Katika betri ya magendo pengine halimo, au limo kwa jina tu. Kwa sababu hiyo betri ya lithiamu haichajiwi kwa chaja ya kale ya gari, ijapokuwa zote mbili zimeandikwa volti 12, kwani chaja zile za transfoma tupu huweza kupanda mpaka 15 na zaidi bila ya kujizuia.

Tena isichajiwe juu ya godoro wala chini ya mto, ambako joto halina pa kwendea, wala isiachwe ikichajiwa usiku na watu wamelala. Iliyovimba isichajiwe tena. Na kwetu sisi wa visiwani kuna la ziada: betri ya lithiamu iliyoanguka baharini huweza kukauka, ikaonekana nzima, ikawaka saa nyingi au siku kadhaa baadaye, kwa kuwa chumvi iliyoingia inaendelea kuunganisha pasipotakiwa. Iwekwe nje, mbali na makuti na mbali na nyavu, mpaka ipatiwe mjuzi. Ikiwaka, watu watoke kwanza, maana moshi wake ni sumu. Umeme wa nyumba ukatwe. Na kinachofaa ni maji mengi kwa muda mrefu ili kuipoza, kwani hata ikizimika huweza kuwaka tena. Mchanga huificha tu.

Hayo ni ya mtumiaji. Ya serikali ni machache, wala hayahitaji fedha nyingi. Kibanda cha kuchaji betri za watu ni biashara yenye asidi na hewa ya mlipuko, na masheha wanajua kila kimoja kilipo. Viandikishwe, na Zimamoto wavipitie kuona upenyo wa hewa, nyaya na ndoo ya maji. Taasisi ya Viwango ipime chaja zinazoingia kwa vyombo vyetu na kwa meli, na inayovuka kipimo izuiwe bandarini badala ya kusubiriwa mpaka iunguze nyumba. Mafunzo ya siku mbili kwa wachajaji wa vijiji vya uvuvi yangerudisha gharama yake katika msimu mmoja wa dagaa. Tunajua jibu litakalotolewa, kwamba kila taasisi inangoja nyingine ianze. Jibu hilo limesikika vya kutosha.

Limebaki la betri zilizokwisha kufa. Risasi iliyomo ndani yake ina soko, na kwa hiyo wapo wanaozivunja uani, kumwaga asidi mchangani na kuyeyusha risasi katika sufuria. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Mombasa imekwisha kulipia somo hilo. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakaazi risasi katika damu. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya rufaa ilihitaji kufika Mahakama ya Juu, mwishoni mwa 2024, kwa hukumu hiyo kurudishwa. Miaka yote hiyo watoto waliendelea kukua na sumu ile.

Kwetu utaratibu rahisi unawezekana: duka linalouza betri mpya lipokee ya zamani na kupunguza bei kwa uzito wa risasi yake, kisha zikusanywe na kusafirishwa kwa wenye leseni ya kuziyeyusha. Zikipakiwa chomboni zisimamishwe wima, vifuniko vyake vifungwe, vichwa vyake vifunikwe kwa mpira, na zisiwekwe juu ya magunia ya mchele.